Wanaokula Sufuria Moja

Nyawech alikuwa akipuliza moto wa tano, machozi ya moshi yakimfika kidevuni, Namuria, Mturkana muuza kuni, alipoingia uani na mzigo kichwani, akasalimia kwa lugha yake.

"Ejok, Nyawech. Moto mingi hivi, leo iko harusi?"

"Ejok. Harusi hakuna. Tunahesabiwa."

Namuria akautua mzigo, akapimiwa mtama wake mabakuli mawili. Mwaka jana mzigo kama huo ulikuwa bakuli moja, lakini siku hizi kuni ziko mbali na kambi ya Kakuma, na miguu ya kuziendea ni ile ile.

Nyumba tano za ua ule zilikuwa zikila sufuria moja, na hakuna aliyewahi kuitisha mkutano wa jambo hilo. Chakula cha msaada kilipopunguzwa, watu waligawanywa makundi. Nyumba ya Nyawech na ya Abul zikabaki na kadi za chakula. Zile tatu zikaambiwa zinajiweza. Mzee Gatkuoth, jicho moja na fimbo, naye eti anajiweza! Siku ya pili yake Abul alimletea Nyawech mtama wake wote, akasema, "Leo pika wewe, kesho mimi." Basi. Abul ni Mdinka, Nyawech ni Mnuer. Kule kwao wakubwa wao walikuwa bado hawaaminiani. Hapa hawa wawili waligombania chumvi tu.

Miezi minane ikapita hivyo. Jana jioni Thuok, kiongozi wa bloku, akaja na habari mbaya.

"Kesho mtu anakuja kuandika. Wenye wanakula sufuria moja ni kaya moja, kadi moja. Na kama ndani iko mtu wa kujiweza, hata hiyo moja inaenda." Akakohoa kidogo. "Mngekuwa na mwenyekiti, mimi ningewatetea. Kikundi gani hii haina mwenyekiti? Nichagueni, niandike barua."

"Sisi si kikundi," Nyawech alimjibu. "Sisi tunakula."

Thuok alinuna, lakini hakuwa mtu mbaya. "Basi pikeni mbalimbali, siku moja tu."

Ndiyo maana mioto ilikuwa mitano, na Nyawech alikuwa na hasira. Kulisha jirani kumekuwa jambo la kufichwa kama kitu cha wizi. Maishani mwake alikuwa ameombwa kura, ameombwa vijana wa kwenda kupigana, ameombwa alama ya kidole kwenye karatasi asizozijua. Hakuna hata mmoja kati ya waombaji hao aliyewahi kumuuliza leo mmekula nini. Wakati mwingine, akikoroga, alijiuliza kama hii yao nayo ni siasa. Kama ndiyo, basi ilikuwa ya kwanza aliyoiona ikimshibisha mtu.

Mwandishi alifika saa sita kasoro robo, kijana wa Lodwar aitwaye Aregae, aliyeajiriwa kwa mkataba wa wiki tatu. Midomo ilikuwa imemkauka. Alihesabu mioto, akagusagusa tableti yake, akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa.

Ndipo Mzee Gatkuoth akatoka na bakuli lake. Aliupita moto wake mwenyewe, ambao juu yake yalichemka maji matupu, akaja kuketi kwa Nyawech. Alikuwa ameonywa mara mbili. Kama alisahau au alikataa, hakuna ajuaye.

"Leo chakula imechelewa," akasema.

Aregae akainua macho. "Mama, huyu mzee anakula hapa?"

Akisema hapana, kadi mbili zinapona. Akisema hapana, mzee atanyanyuka mbele ya watu wote arudi kwenye maji yake. Nyawech aliona aibu hata kabla ya kufungua kinywa.

"Anakula hapa. Wote tunakula hapa. Hizi moto zingine ni uwongo."

Abul akashika kichwa. Halafu, polepole, akaibeba sufuria yake na kuimimina ndani ya ile ya Nyawech. Wengine wakamfuata.

"Mkubwa wa kaya ni nani?" Aregae akauliza.

"Hakuna. Leo mimi, kesho Abul."

"Hii tableti haikubali hivyo, mama. Inataka jina moja."

"Hiyo ni shida yake."

Aregae akaliandika jina la Gatkuoth, kwa kuwa ndiye mkongwe wao. Nyawech akampakulia kijana bakuli la mtama na dengu. Aregae aliangalia barabarani kama kuna wa kumwona, akalipokea, akala wima, kisha akaketi.

"Sasa tuko ishirini," Abul akasema. "Andika."

Watu wakacheka, na Aregae akacheka nao, mpaka alipokumbuka kazi yake. Aliandika kumi na tisa, akabonyeza. Kadi zote mbili zikaishia hapo. Hasira ya Nyawech haikuwa juu ya huyu kijana.

"Pole, mama. Kama hamjaridhika, Alhamisi mtu wa malalamiko atapita."

"Saa ngapi?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Tujue kama tumuwekee chakula."