Kidole Gumba cha Sikudhani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini nikakuta kiti kinanisubiri mlangoni mwa ofisi yangu. Nilikifahamu. Kilikuwa kiti cha Sikudhani, mfungaji wa pakiti katika kiwanda chetu cha biskuti, ambaye mashine ilimponda mkono wa kulia miezi michache iliyopita.

"Shikamoo, bosi," kiti kikasema.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Shida sina. Nimekuja kuacha kazi."

Nikakiambia utaratibu unataka mtu atoe taarifa mapema. Kikasema kimetoa taarifa kila siku kwa kulia mlio, tukakipaka mafuta.

"Tangu Sikudhani aumie nimekaliwa na watu hata idadi siikumbuki," kikaendelea. "Wa mwisho aliondoka kabla sijapata joto. Bosi, hata sisi viti tunachoka kuzoea watu."

Mimi ndiye afisa utumishi. Kazi yangu, kwa mujibu wa bango lililoko ukutani nyuma yangu, ni kuhakikisha watu wetu hawatukimbii. Nageuka kulitazama bango. Limejikunja, lina begi dogo, linasema limepata nafasi kwenye kiwanda cha sabuni. Nalitakia kila la heri.

Hapo ofisi inaanza kwenda. Kumbe iko juu ya mkanda wa kupitishia biskuti. Mwanzo wa mkanda wanapanda waajiriwa wapya, mashati yamepigwa pasi. Mwisho wa mkanda wanashuka wakiwa wamekumbatia saa za ukutani, zawadi ya kuagwa. Katikati yuko msimamizi anayewafundisha kazi. Anawahi kusema "Hii ni mashine," na kabla hajasema ni ya nini, wameshaagwa.

Hakuna anayelalamika. Kiwanda chetu kinasifika kwa kuaga watu: soda zipo, keki ipo, hotuba ipo na wa kulia wapo. Mtu akiwa kazini jina lake linatupa tabu, lakini siku ya kuondoka tunamwita dada yetu kipenzi.

Mkono ukaingia. Ulikuwa peke yake, umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe ya hospitali, unajiburuza kwa kiwiko. Ukapanda mezani na kutulia karibu na kikombe changu.

"Sikudhani mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko getini. Mashine ya kusoma alama za vidole imesema hayupo."

Kanuni hiyo niliitunga mimi, na si ndotoni. Inasema asiyetambuliwa na mashine ya vidole hayupo kazini. Mashine inamjua Sikudhani kwa kidole gumba cha kulia, nacho kiko ndani ya hogo. Kusajili kidole kingine kunaruhusiwa, ila mhusika aje ofisini mwenyewe, na ili afike ofisini, mashine imtambue kwanza. Nilipoisoma kanuni hii kikaoni nilipigiwa makofi.

Daktari ameshasema Sikudhani anaweza kurudi akakague pakiti kwa mkono mmoja. Amekuja, akarudishwa. Amekuja tena, akarudishwa. Akikataliwa na leo, atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake, na nyumbani kwao hakuna mwingine anayepeleka unga.

Mashine ya vidole ikabanduka ukutani ikaja. Ilitaka kukaa, lakini kiti kikaiambia kwamba chenyewe si mfanyakazi tena. Ikabaki imesimama.

"Kilichosajiliwa kwangu ni kidole gumba," ikasema. "Mkono umekuja kukisindikiza. Na huyo mwanamke aliyeko getini ni mgeni wa mkono."

"Kidole kimeumia," mkono ukasema.

"Jaribu tena," ikajibu mashine.

Sasa tuko sebuleni kwa mama yangu, na mkanda unapita kati ya makochi. Mama anautazama mkono, kisha ananitazama mimi.

"Mgeni huyu umemkaribisha chai?"

"Hajatambuliwa, mama. Mashine imekataa."

"Mashine nimesikia. Wewe je, humtambui?"

Namtambua, bila shaka. Namjua Sikudhani tangu nilipokuja kiwandani kijana, sijui hata choo kiko wapi, naye ndiye aliyenionyesha. Mbele yangu mashine ilikuwa inakunywa chai.

"Niazime chako, bosi," mkono ukasema. "Kwa leo tu."

Nikakizungusha kidole gumba changu cha kulia, kikatoka taratibu kama kifuniko cha chupa. Hakikuuma. Mkono ukakibandika kwenye mashine.

"Asante," mashine ikasema. "Karibu kazini."

Nikaamka. Vidole vyote vilikuwa mahali pake, nikajicheka. Nikaichukua simu nitazame saa, nikaigusa kwa kidole gumba. Ikakataa. Nikajifuta kwa shuka, ikakataa tena. Nikakisogeza kidole dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama ganda la yai, hakina hata mstari mmoja.

Getini kiwandani mashine ilinipokea kwa sauti ileile. "Jaribu tena."

Nilijaribu mpaka foleni ikaanza kuguna. Mlinzi, Lwitiko, akanivuta pembeni kwa heshima zote.

"Bosi, nakujua vizuri sana," akasema. "Ila kwa mujibu wa kanuni yako, hupo."

Kwenye benchi la nje, juani, alikuwa ameketi Sikudhani na hogo lake. Akasogea kunipisha.

"Kaa, bosi. Afisa utumishi akija tutamweleza shida yetu."

Nikakaa. Benchi lile ni gumu, na sikuwa nimewahi kulikalia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikashindwa kumtazama usoni.

"Lwitiko," nikasema, "huyu mama unamtambua?"

"Namtambua, bosi. Ni dada Sikudhani wa pakiti."

"Basi mfungulie geti."

"Na wewe?"

"Mimi nitasubiri hapa. Akishaingia, ataniombea nami niingie."