Karata Isiyokaa Kiganjani

Karata ilipoanguka mara ya kwanza, Msusi alicheka. Ilipoanguka tena, aliiokota akisonya. Baadaye jioni hiyohiyo, akiibana tena mbele ya kioo cha saluni, alikitazama kidole chake kidogo akakiona kinatetemeka chenyewe, bila ruhusa yake. 

Alikuwa na saluni ya viti viwili, na jina lake halisi wateja walishalisahau. Walimjua kwa mikono yake: ilisuka nywele zikakaa, na ilifanya viinimacho vya karata vilivyowanyamazisha watoto waliolia wakichanwa. Mtoto alichagua karata, Msusi akaipoteza, kisha akaitoa nyuma ya sikio la mtoto mwenyewe. Kilio kilikatika papo hapo. Sasa mwenye ukumbi mmoja alikuwa amemwomba apande jukwaani mbele ya watu wazima, na watu wazima hawadanganyiki kwa mchezo wa sikio. Ndiyo maana alikuwa akijifunza kuificha karata kiganjani, ikibanwa kati ya ncha ya kidole kidogo na shina la dole gumba, huku mkono ukionekana mtupu na umetulia.

Mkono wake ukakataa kutulia.

Mama yao, yeye na dada yake, alianza hivyohivyo. Kidole kwanza, kisha mkono mzima, kisha kijiko kugonga meno, kisha maneno kupotea. Mwishoni hakuweza kuwaita binti zake kwa majina.

Msusi hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni. Ila kila alipomkaribia mteja na mkasi, alisita, na siku moja alisimama na mkasi hewani kando ya sikio la mama mmoja hadi mama yule akauliza, "Kuna nini, umeona mvi?"

"Natafuta mstari," Msusi alijibu.

Nyumbani, mumewe alimkodolea macho mezani. "Siku hizi hata chai unaishika kwa mikono miwili."

"Baridi."

"Baridi, na jasho lote hilo?"

Alijifungia bafuni na pakiti ya karata. Alijiambia kwamba karata ikikaa, yeye ni mzima. Ikianguka, ndiyo basi tena. Ilianguka. Akaibana zaidi, ikapinda, ikachomoka na kutumbukia kwenye ndoo. Alikaa sakafuni akiitazama ile karata ya kopa inavyoelea, akijiona mwenyewe analishwa uji na mtu asiyemkumbuka jina.

Jumapili alimwendea dada yake. Dada alikuwa karani wa shule, mkubwa wake, na ndiye aliyemuuguza mama tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kulikuwa na mtu wa kuusoma mkono ule, ni yeye. Njiani Msusi nusura ageuke mara kadhaa.

"Wewe leo umeota nini, kuja bila kupiga simu?" Dada alimkaribisha, akamimina chai, akaketi. "Haya, nionyeshe hicho kiinimacho cha ukumbini."

Msusi alitoa karata. Ikamponyoka, ikatua kwenye zulia.

Dada hakucheka. "Unaibana kama umeiiba."

"Si kubana, Dada. Ni mkono wa mama. Kidole kinatetemeka. Nimeanza."

Dada alisogeza kikombe kando. "Weka mkono mapajani. Ulegeze kabisa. Usifanye kitu."

Msusi aliuweka. Wote wawili waliutazama kana kwamba ni mgonjwa aliyelala. Kidole kilikuwa kimetulia.

"Mama alikuwa akitetemeka akiwa ametulia hivyo," Dada alisema polepole. "Akishika kitu, kutetemeka kulipungua. Wewe kinyume, unatetemeka ukiking'ang'ania kitu. Huna ugonjwa wa mama."

Msusi alihema kama aliyetolewa majini. Kisha akauliza, "Umejuaje hilo la kupungua? Mimi nilikuwepo na sikuliona."

Dada aligeukia dirishani. Hapo ndipo Msusi alipokumbuka: mlango ulifunguliwa kwa mkono wa kushoto. Chai ilimiminwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa sweta tangu alipoingia, na kitambaa cha mfuko kilikuwa kinachezacheza, kama kuna panya ndani.

"Toa mkono, Dada."

"Mdogo wangu, tuongee mengine."

"Utoe."

Aliutoa. Msusi aliushika kwa mikono yake yote, na mtetemo ukampanda hadi mabegani. Woga uliokuwa wake kwa majuma yote yale haukuondoka. Sasa ulikuwa kwa ajili ya Dada, na ukawa mzito zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifunguliwe. Nachapa kwa kidole kimoja, nawaambia walimu kompyuta ina virusi." Alijaribu kucheka. "Ningekuambia, ungeanza kujichunguza mikono."

"Nimejichunguza vilevile!"

Walilia pamoja, kisha wakaenda hospitali pamoja. Daktari alimwambia Msusi kwamba ameuchosha mkono kwa kuukaza, aupumzishe. Dada alipimwa kwa muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa uleule wa mama. Dawa hazingeuondoa, daktari alisema, lakini ameuwahi, na zingemsaidia kuutumia mkono wake kwa miaka.

Msusi aliomba onyesho liahirishwe. Alipoanza tena mazoezi, aliyafanya sebuleni kwa dada yake.

"Legeza," Dada alikuwa akimwambia. "Legeza zaidi. Haikimbii hiyo."

Mchana mmoja karata ilikaa. Msusi aligeuza mkono huku na huku, mtupu kabisa kwa macho, na Dada akapiga kelele za furaha. Msusi aliiweka mezani.

"Dawa ya asubuhi umekunywa?"

Dada alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mno.

"Sikumbuki," alisema.

Msusi akamkumbuka mama na maneno yaliyompotea. Aliinuka haraka kwenda kuhesabu vidonge.