Kulia Aliangalia Nani

Bonat Yashim aliruka kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, sebuleni kwake mtaa wa Barnawa, Kaduna, macho ameyafumba. Mkono wa kushoto uliwasha pampu ya mafuta ambayo haikuwepo. Wa kulia ulishika usukani wa hewa. Midomo ilitaja hatua moja baada ya nyingine, na kila baada ya hatua alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Tangu kufunga mkanda hadi magurudumu kuiacha ardhi ilimchukua dakika tano kamili kwa saa ya ukutani.

Marubani hufanya hivyo wanapokuwa wanafunzi. Hukaa vitini vyumbani mwao na kurudia kazi kwa mikono mitupu mpaka vidole viijue bila kuulizwa, na wakishahitimu huacha. Bonat alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwa ameacha, kwa sababu hakuwa amehitimu. Jeshini alipewa saa kumi na moja na dakika arobaini za kuruka akiwa na mwalimu ubavuni, kisha akaondolewa kwenye kozi na kupelekwa ghala la vipuri. Huko alikaa miaka ishirini na tisa. Alistaafu akiwa anazijua ndege kwa namba za boliti zake.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa. Binti yao, Kambai, alifanya kazi Port Harcourt na alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, dakika sita au saba.

Kazi ya televisheni aliipata kwa neno moja. Kampuni moja kutoka Lagos ilikuja Kaduna kutengeneza tamthilia ya vijana wanaosomea urubani wa kivita, ikatafuta mtu wa kuwafundisha waigizaji mambo ya ndani ya ndege. Mwongozaji, Madam Morenike, alimuuliza maswali kumi na mawili akayajibu yote sawasawa. La kumi na tatu lilikuwa, "Na umewahi kuruka peke yako?" Bonat akasema, "Ndiyo."

Basi kwa miezi mitatu watu wakamwita Oga Rubani, yaani Bosi Rubani. Sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa, Jumatano jioni, jina lake lilipita mwishoni kwa herufi nyeupe: Mshauri wa urubani, Bonat Yashim. Kesho yake simu ililia. Ilikuwa Kambai, na ilikuwa Alhamisi.

"Baba, nimeona jina lako! Ofisi nzima imeona. Miaka yote hiyo unaniambia ghala, ghala, kumbe uliruka?"

Bonat alimuuliza kama amekula. Walizungumza dakika thelathini na nne, na tangu hapo Kambai alipiga kila Alhamisi, zaidi ya ile simu ya Jumapili.

Siku ya kupiga picha za sehemu ya saba vumbi la harmattan, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeshuka mpaka kwenye sahani za chakula. Studio ilikuwa kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Katikati ya ukumbi, juu ya springi za lori, waliweka kiwiliwili cha ndege ya mafunzo, viti viwili ubavu kwa ubavu, cha mwanafunzi kushoto, cha mwalimu kulia. Vijana wanne walishika magogo marefu wakiitikisa ili ionekane iko hewani.

"Madam," mmoja wao aliita, "hii ndege haitumii petroli, inatumia wali, na leo tanki ni tupu!"

"Itue kwanza ndipo ijazwe," Madam Morenike akamjibu bila kugeuka.

Siku hiyo kadeti wa kwenye tamthilia aliruka peke yake kwa mara ya kwanza. Aliyemwigiza alikuwa Tonye, kijana wa Bayelsa mwenye mdomo usiopumzika. Bonat alimfunga mkanda mwenyewe.

"Oga Rubani, leo nakuwa mwanaume. Ukiniona nalia usinicheke."

"Utalia saa ngapi? Una dakika tano na kazi ishirini na sita."

"Hebu niambie, kule juu, peke yako, mtu anasikiaje?"

"Ndege inakuwa nyepesi. Uzito wa mwalimu haupo. Inapanda haraka, na wakati wa kutua inachelewa kugusa chini."

"Sijauliza habari za ndege, mzee. Nimekuuliza wewe."

"Mimi nilikuwa na kazi," Bonat alisema, akaukaza mkanda.

"Wee! Moyo wa huyu mzee una kufuli la benki."

Kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera alikaa mgeni. Alhaji Hamza Gamawa, rubani mstaafu, mwalimu wa marubani kwa miaka kumi na minane, alikuwa amealikwa kutazama na kupigwa picha za magazeti. Bonat alikuwa ameiona fimbo yake ya kutembelea kabla ya kuuona uso. Alipita mbele yake mara mbili. Alhaji alimwitikia salamu kama mtu anayemwitikia mlinzi wa lango.

Kamera ikaanza. Tonye alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Mafuta. Shinikizo. Vibawa. Kisha akageuza shingo kushoto, akasema, "Kushoto pako wazi." Akanyamaza pumzi moja, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Halafu akasukuma wenzo wa nguvu, na vijana wakayakandamiza magogo.

"Kata!" Madam Morenike alisimama. "Mungu wangu, ile pumzi! Mmeiona? Anamkumbuka mwalimu wake! Tonye, nani kakufundisha kile kimya?"

"Oga Rubani. Kila hatua ina kimya chake."

"Kijana," alisema Alhaji Gamawa, "kulia aliangalia nani?"

"Samahani, Alhaji?"

"Umeangalia kushoto, vizuri. Na kulia? Mwanafunzi huangalia kwake akasema, mwalimu huangalia kwake akajibu. Lakini leo mwalimu keshashuka, yuko kwenye majani huko anavuta sigara. Wewe umemsubiri nani?"

Vijana wa magogo wakacheka. Tonye akakiangalia kiti cha kulia, kisha akamwangalia Bonat.

"Watazamaji hawayajui hayo, Alhaji," Madam Morenike alisema. "Mimi ile pumzi naitaka."

"Basi ibaki, tamthilia ni yako. Ila aliyemfundisha hajawahi kukaa humo peke yake." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mafuta.

Bonat alikuwa ameshaelewa. Alipokuwa akitayarisha somo la Tonye aliyafuta maneno yote ya mwalimu, moja moja, kwa kalamu. Nafasi zake hakuzifuta. Hakujua kwamba ziko. Kila asubuhi kwa miaka thelathini alikuwa amemwachia mtu wa kulia muda wa kujibu, na mtu wa kulia alikuwa Alhaji huyu, ambaye sasa alikuwa akifuta vumbi kwenye miwani.

"Alhaji, usimwonee mzee wetu," Tonye alisema. "Huyu ni rubani. Karuka."

"Karuka? Vyema." Alhaji akamgeukia Bonat. "Walikumwagia maji akina nani?"

Ni swali dogo. Anayeshuka kutoka kuruka peke yake kwa mara ya kwanza humwagiwa ndoo ya maji na wenzake wa kozi kabla hajafika kwenye kivuli. Mtu anaweza kusahau tarehe ya harusi yake, lakini hamsahau aliyeshika ndoo. Bonat alikuwa na majina tisa ya kuchagua. Wawili kati yao walikuwa wamekufa, na maiti hapingi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ingefika angalau mpaka Alhamisi, na Alhamisi nyingine baada ya hiyo.

"Mimi nilikuwa nabeba maji, Alhaji," alisema. "Ndoo tisa. Yangu haikujazwa."

Kijana mmoja aliliachia gogo lake, na ndege ikainama upande.

"Uliondolewa," Alhaji alisema.

"Baada ya saa kumi na moja na dakika arobaini."

"Nani alikuwa mwalimu wako?"

"Wewe, bwana."

Alhaji alimtazama kwa makini, kuanzia viatu. "Sikumbuki," alisema hatimaye. "Mlikuwa wengi. Niliandika nini?"

"‘Anasubiri kuambiwa.’"

Alhaji alitikisa kichwa polepole. Hakuomba radhi, na Bonat hakuona sababu ya kuombwa. Ripoti ilikuwa sahihi. Ushahidi ulikuwa umepigwa picha dakika tatu zilizopita.

Madam Morenike alimvuta pembeni karibu na mashine za kufumia zilizofunikwa maturubai. "Oga Bonat, kwa nini hukuniambia? Ningekuchukua hata hivyo, huenda."

"Huenda," Bonat alikubali.

"Jina siwezi kuliacha lipite. Wenye matangazo watasema tumewadanganya. Malizia wiki, sare na mikanda hakuna anayevijua kama wewe. Lakini jina linaondolewa, kuanzia kesho kutwa."

"Ni haki."

Walirudia tukio. Safari hii Tonye aliangalia kushoto, akaangalia kulia mwenyewe, akasukuma wenzo bila kusubiri. Ilikuwa haraka, na haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, na ilikuwa kweli. Aliposhuka walimmwagia maji ya bomba yaliyopoa kwa harmattan, akapiga yowe ambalo halikuwa la kuigiza. Baadaye, akitetemeka ndani ya taulo, alimjia Bonat.

"Mzee, hukukasirika nami?"

"Kwa lipi? Ulifanya nilichokufundisha."

Tonye alitaka kusema neno, akaitwa kwenye kamera.

Jumatano tamthilia ilionyeshwa. Herufi nyeupe zilipita, na mahali pa jina lake palikuwa na jina la mtengeneza sare. Bonat alizima televisheni.

Asubuhi ya Alhamisi aliketi kwenye kiti cha mbao saa kumi na mbili na nusu. Mafuta. Shinikizo. Vibawa. Kushoto pako wazi. Akageuza shingo: kulia palikuwa na kabati la vyombo na picha ya mkewe. Pako wazi. Hakusubiri popote. Alipofumbua macho, saa ya ukutani ilionyesha kwamba zimepita dakika nne na sekunde kumi na nne. Sekunde arobaini na sita zilibaki, na hakuwa na kazi ya kuzipa.

Alikunywa kunu, kinywaji chake cha mtama, akiwa amesimama. Simu ilikuwa mezani. Kambai hupiga baada ya kazi, saa kumi na moja jioni, kama anapiga. Bonat alivaa miwani, akalitafuta jina lake, akapiga. Kwanza angemwambia habari za ndoo. Mengine yangefuata.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.