Sala kwenye Jiwe la Kusagia

Limi alikaa kwenye benchi nje ya kanisa dogo la udongo, upande wa Kishapu, akingoja kuitwa. Mwaka uliopita, 1951, alikaa hapohapo, na Padri akamrudisha nyumbani. Akirudishwa tena, hatabatizwa Pasaka, na ndoa yake ya kanisani na Bujiku, mumewe wa kimila, itangoja mwaka mwingine. Bujiku alikuwa amekwisha kubatizwa kule Geita, kwenye mgodi wa dhahabu alikofanya kazi, na likizo yake ilikuwa ya Pasaka tu.

Kando yake alikaa mama mkwe wake, Mageni. Desturi ya kigango kile ilikuwa kwamba kila anayeomba ubatizo aje na mtu wa nyumbani kwake, hata asiye Mkristo, aeleze mwenendo wake.

"Mbona unaogopa?" Mageni aliuliza. "Kwani huyo Padri anauma?"

"Ni swali lake, Mama. Ataniuliza kama nasali kila siku."

Mwaka uliopita alikuwa amejibu hapana. Katekista Valerian aliwafundisha kuacha kazi, kufumba macho na kufumbata mikono. Limi alijaribu. Mtoto wake, Esta, alilia, ng'ombe walingoja kukamuliwa, maji yalikuwa mbali. Alichoweza ni kusema maneno machache alfajiri, akiwa ameinamia jiwe la kusagia mtama. Mwanzoni alijua mstari mmoja tu wa Baba Yetu, akausema huo. Baadaye akaongeza wa pili. Lakini hiyo hakuihesabu kuwa sala. Mtu atasalije na mikono imejaa unga?

Jina lake likaitwa. Ndani, Padri alikaa nyuma ya meza, Valerian amesimama ubavuni pake.

"Limi, unasali kila siku?"

"Hapana, Padri."

Padri alishusha pumzi. Valerian akatazama chini.

"Mwongo huyu," Mageni akasema.

Wote wakamgeukia.

"Anakudanganya, Padri. Kila alfajiri ananikatiza usingizi. Ukuta wetu ni mmoja, jiwe linanguruma, na yeye na maneno yake. Nimezeeka, nalala lini?"

"Maneno gani, Mama?"

Mageni akakunja ngumi mbili, akawa anazisukuma mbele na kuzivuta kama anayesaga. "Baba yetu uliye mbinguni. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike." Aliendelea hivyo mpaka kwenye mkate wa kila siku, kisha akakoma. "Baada ya hapo ananong'ona. Sisikii."

Valerian alijiziba mdomo asicheke.

"Mbona umesema husali?" Padri alimuuliza Limi kwa upole.

"Mikono yangu inakuwa kazini, Padri. Na ni maneno machache tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomzaa Esta. Hata nikiumwa, nasaga kidogo."

"Na ukisaga, unakaaje?"

Limi alifikiri. "Napiga magoti."

Padri akatabasamu. "Basi umekuwa ukisali, binti yangu. Mungu hakungoja unawe mikono. Pasaka utabatizwa."

Walipofika njiani, Limi akakaa kwenye kichuguu. Alilia kidogo, kilio chepesi. Alikuwa amekumbuka siku ilipokuja habari kwamba shimo moja mgodini limeporomoka, kabla hawajajua kama Bujiku yu mzima. Siku ile maneno ya Baba Yetu yalikuja kabla ya machozi, wala hakuyatafuta. Wakati huo hakujiuliza yametoka wapi. Siku zote alidhani imani ni kitu kikubwa walichopewa wenzake, yeye akapitwa. Kumbe ilikuwa imeota kwake polepole, na hakuisikia ikiota.

"Inuka, jua linapanda," Mageni alisema, lakini naye akakaa. Kisha akauliza, "Kile kipande unachonong'ona, kinasemaje?"

"Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea."

Mageni alitazama mashamba ya pamba, akaondoa jani kwenye khanga yake.

"Kinanong'onwa kwa sababu yangu?"

"Zamani, Mama. Mwaka ule wa kwanza, ulipokuwa mkali kwangu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi ni mazoea tu."

"Basi kesho kiseme kwa sauti," Mageni alisema. "Na mimi nikisikie."