Kioo cha Fundi

Kila wingu lilipotia weusi, mjukuu wa fundi cherehani aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa akajikunyata kama paka aliyemwagiwa maji. Shuleni walikuwa wamekwisha kulalamika: siku za mawingu mtoto haonekani. Jumamosi hiyo mama yake alimleta kwa babu, akasema, kwa upole wa binti amjuaye baba yake, kwamba mvua ndiyo kwanza zinaanza na mtihani haungoji jua.

Fundi akajibu kwamba jambo hilo lingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Alisoma shule ya jioni akiwa mtu mzima, baada ya kutwa nzima ya kukanyaga cherehani, na elimu ya jasho haimwachi mtu aseme kwa kunong'ona.

Akachanachana karatasi iwe vipande vidogo kama punje za ufuta, akamwambia mjukuu atazame vitakavyoruka. Akapitisha chanuo la plastiki kwenye nywele za mtoto kwa madaha ya kinyozi, akalisogeza. Vipande havikutikisika.

"Babu, vimelala."

"Vinajinyoosha, bibie. Subiri."

Akarudia. Akabadilisha mkono. Akalilaumu chanuo na waliolitengeneza, mpaka alipoona vidole vyake mwenyewe vinang'aa. Mafuta! Mama mtu alikuwa amemkwatua mwanawe kichwa kizima kwa heshima ya babu.

Basi akaeleza kwamba umeme wa namna hii hauelewani na mafuta wala maji. Hutaka vitu vikavu visuguane. Akaokota kipande cha sufu kilichobaki kwenye koti la mteja, akakisugua kwenye chanuo. Safari hii karatasi ziliruka zikaling'ang'ania kama kupe. Mtoto akampokonya chanuo akajaribu mwenyewe, kisha akauwinda nalo kila uzi uliodondoka sakafuni.

Wakaingia kwenye chumba cha kupimia nguo, wakavuta pazia. Fundi akavua sweta lake kwa haraka. Gizani ikasikika milio midogo, na vimulimuli vya buluu vikakimbia kwenye mikono.

"Huyo ndiye radi akiwa mchanga," akasema. "Kule mawinguni chembe za barafu zinagongana na kusuguana. Umeme ukijaa, unaruka. Ngurumo ni hewa iliyochomwa ghafla ikatanuka kwa kishindo. Ukiwa nje, usijifiche chini ya mti. Kimbilia ndani ya nyumba. Ukiwa ndani, mwache apite."

Alasiri mbingu ikanguruma. Mtoto akaitazama meza, akabaki amesimama. Fundi alijisikia mrefu kuliko mlango. Akainuka, akachukua shuka msumarini, akaenda kukifunika kile kioo kirefu cha wateja, kama alivyofanya kila wingu lilipotanda, kama mama yake alivyofanya.

"Babu, na kioo nacho kinasuguana na nini?"

Fundi alikuwa ameliinua shuka. Alilitafuta jibu katika yote aliyosoma jioni zile, asipate ila sauti ya mama yake ikisema kioo huita radi. Ndipo akakumbuka macho ya mjukuu yaliyokuwa yakimfuata kila alipokwenda na shuka hilo, tangu mtoto akiwa bado anatambaa.

Akalishusha shuka bila kukifunika kioo.

Radi ikamulika. Ndani ya kioo wakaonekana mzee na mtoto, weupe kama chaki, macho pima. Kishindo kikatikisa mikasi mezani.

"Hiyo ilikuwa kubwa," akasema mtoto.

"Kubwa," fundi akakubali. Akalikunja shuka polepole, pindo juu ya pindo, akaliweka penye vitambaa vinavyongoja kukatwa.