Deki Tuliyoichagua Bila Kuonana

Nilivunjika mguu kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yangu, kijijini Genkuru, nikitoka kuchota maji. Hospitali waliponiruhusu, binti yangu Efrazia hakuniuliza ninataka kwenda wapi. Alinipeleka kwake, Tarime mjini, akanipa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya mahindi. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Mlangoni kizingiti kilikuwa kimeng'olewa ili nisijikwae na mkongojo wangu, na nilijua aliyeking'oa si Efrazia, maana Efrazia hajui kushika patasi. Alikuwa mumewe, Nashoni.

Kwetu mama hakai kwa mkwewe. Mama mkwe na mume wa bintiye wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Si chuki. Ni heshima, na mimi nimeishika tangu siku Nashoni alipoleta ng'ombe nyumbani kwetu. Lakini heshima hiyo iliwekwa na watu waliokuwa na maboma mapana, huyu apite huku na yule apite kule. Kwa Efrazia palikuwa na nyumba ndogo, ua mmoja na choo kimoja. Nikitaka kwenda msalani, kwanza nilisikiliza. Naye akitaka kutoka, kwanza alikohoa. Siku nzima ilikuwa kusikiliza na kukohoa, na mwili wangu ulichoka kwa hilo kuliko ulivyochoka kwa mguu.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Efrazia alikuwa akiuza vitenge sokoni. Akirudi anamchukua mwanawe, Gati, ambaye alikuwa bado hajaanza kusema, ananijia mlangoni.

"Mama, usikae gizani kama kuku. Njoo sebuleni uangalie igizo."

Igizo lilianza saa moja. Lilikuwa la mjane mmoja na shamba lake, na shemeji yake aliyelitaka lile shamba. Nililipenda, sikatai. Nilikaa kwenye kochi, Gati akalala mapajani, na Efrazia akawa anacheka karibu yangu kama alipokuwa msichana. Kisha tunasikia kikohozi getini. Nashoni amerudi kutoka kwenye karakana yake, anakochomelea milango na madirisha ya chuma tangu asubuhi, na macho yake yamechoka.

"Mama Gati!" anaita akiwa nje. "Mama yuko ndani?"

"Yuko. Ngoja nimtoe."

"Hapana, hapana, aendelee. Nimesahau kitu karakana."

Kila jioni alikuwa amesahau kitu. Leo nyundo, kesho miwani. Baadaye nikaambiwa na jirani kwamba Nashoni anakula ugali kwa mama lishe wa stendi, kisha anakaa karakana kwenye kigoda mpaka taa za sebuleni zizimwe. Mtu mwenye nyumba na mke, anakula stendi kama msafiri.

Nikaacha kwenda sebuleni. Nikasema kichwa kinaniuma. Efrazia naye akaacha, akawa ananifuata chumbani kwangu na sahani yake, na Nashoni akala peke yake ndani. Nilimsikia akivuta kiti. Kijiko kikigonga sahani, kimya, kijiko tena. Nikaona kwamba nikiwa mbele ninamfukuza mume, na nikiwa nyuma ninamvuta mke. Nyumba ya mwanangu ilikuwa inapasuka polepole, na mimi ndiye kabari.

Basi nikamtumia ujumbe Simioni, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye huleta ndizi mjini kwa pikapu. Nikamwambia akija mara nyingine anirudishe Genkuru. Efrazia akalia.

"Utachota maji na nini, Mama? Na huo mguu?"

"Mungu atanichotea."

"Mungu hajawahi kubeba ndoo," akasema, kisha akajuta kusema hivyo.

Usiku wake sijui walizungumza nini na mumewe. Asubuhi alikuja amejifuta uso. "Baba Gati anasema usiondoke. Anasema tununue deki ya video. Igizo lirekodiwe jioni, wewe uliangalie kesho yake mchana, yeye akiwa kazini. Na anasema uchague mwenyewe, kwa sababu wewe ndiwe utakayeitumia mimi nikiwa sokoni."

Nilikuwa sijawahi kuulizwa na mkwe kuchagua kitu chochote. Nikavaa kitenge changu kizuri.

Tulikwenda kwa Shaaban, muuza redio na televisheni, ambaye babu yake alikuja Tarime kutoka Pwani na mashine ya kushonea. Mimi nilikaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, Efrazia akitembea kando akinishika. Nashoni alitangulia mbali. Tulipofika alikuwa amesimama barazani mwa duka, ametupa mgongo, anatazama barabara kana kwamba anahesabu magari yaendayo mpakani Sirari. Mimi nikaingizwa ndani.

"Shikamoo, bibi," akasema Shaaban.

"Marahaba, baba."

"Na huyo mura, kijana wenu hapo nje, haingii? Anaogopa bei?"

"Ni mkwe wangu," nikasema.

Shaaban akacheka mpaka akashika kaunta. "Lo! Kwetu mama mkwe anakuchagulia hata soksi. Haya, mimi leo nitakuwa posta."

Akaweka deki juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa inacheza mikanda tu, hairekodi, akaiondoa mwenyewe. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa kubwa na nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, imetumika lakini nzima. Nyingine ilikuwa ndogo, nyepesi, na vitufe vyake vilikuwa vikubwa. Cha kurekodi kilikuwa chekundu. Nilikibonyeza kikaitika vizuri kidoleni.

"Sikiliza, bibi," akasema Shaaban. "Hii ndogo inarekodi kile tu kinachoonekana kwenye TV wakati huo. Ukibadilisha chaneli, nayo imebadilisha. Hii kubwa inakamata chaneli yake yenyewe. Inaweza kurekodi igizo lako huku watu wanaangalia mpira. Lakini bei yake imesimama."

Nikatazama ile kubwa. Nikawaza mgongo wa Nashoni barazani, na shati lake lililotobolewa na cheche. Sikutaka kumtwika.

"Muulize mkwe wangu," nikasema, "saa moja jioni yeye huwa anaangalia nini."

Shaaban akatoa kichwa mlangoni. "Mura! Mama anauliza saa moja unaangalia nini!"

Nashoni hakugeuka. "Mwambie mama mimi sina kipindi. Achague anayoipenda."

"Anasema hana kipindi," Shaaban akaniletea, kana kwamba sikusikia.

"Hana kipindi kweli?" nikamwuliza Efrazia.

Efrazia akatazama sakafu. Tangu nije kwao mumewe alikuwa hajatulia mbele ya TV jioni, labda alikuwa amesahau. Au alijua, akaona si kazi ya mke kumkanusha mume dukani.

"Basi hii ndogo," nikasema.

"Anasema ndogo!"

"Ndogo ni nzuri!" akajibu Nashoni, akiiambia barabara.

Watu wengine wangegeuka wakaangaliana usoni, na mmoja angeona kwa mwenzake kwamba anadanganya. Sisi tulikuwa na Shaaban tu, naye alikuwa anauza.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Jioni nilikaa chumbani kwangu, mlango wazi, nikasikia Nashoni akiingia bila kusahau kitu. Nikasikia sahani mbili. Nikamsikia Efrazia akimtania, "Baba Gati, mboga zinakukimbia?" na yeye akicheka. Mchana wakishaondoka, niliingia sebuleni na mkongojo, Gati akitambaa nyuma yangu, nikaweka mkanda. Mjane wangu akatokea. Nikanywa chai yangu na yeye.

Kisha siku moja, katikati ya igizo, mjane anaulizwa jambo na mzee wa kijiji, picha ikaruka. Pakatokea uwanja wa mpira, kelele za Wakenya, mtu anapiga kona. Kabla haijafika golini, mjane akarudi, amekwisha kujibu. Nikadhani mtambo umeharibika. Efrazia aliporudi nikamweleza, akawa anakunja vitenge vyake upya bila kunitazama.

"Sema, mwanangu."

"Ni Baba Gati. Jana Harambee Stars walikuwa wanacheza. Alichungulia kidogo tu, akarudisha. Amejuta sana."

"Si alisema hana kipindi?"

"Mama, yule ni mtu wa mpira na taarifa ya habari ya Kenya. Tangu tununue deki hajaona hata moja. Anakaa pale analinda igizo lako. Wageni wakija wakitaka kubadilisha chaneli anawaambia TV imeharibika, inaonyesha hiyo hiyo moja."

Nikamwomba anisaidie kulala. Sikulala. Kwa hiyo mkwe wangu alikuwa amerudi kwenye kochi lake, lakini jioni yake bado nilikuwa naila mimi. Nikamwambia Efrazia airudishe deki kwa Shaaban, achukue ile kubwa. Akaenda, akarudi mikono mitupu. Ile kubwa ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Sasa niliona jambo lenyewe wazi. Mtu akikaa kwa mkwewe, hata atendewe wema wa namna gani, wema wenyewe unageuka mzigo kwa anayetenda. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka. Jumamosi Simioni akafika na pikapu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo ndio huu."

Akaubeba akaupakia juu ya mikungu iliyobaki. Mimi nikakaa kwenye kigoda mlangoni, Gati mapajani, nikisubiri anywe chai. Efrazia alikuwa jikoni anasugua sufuria. Alisugua kama anataka kuitoboa. Jana yake umeme ulikatika igizo likiwa halijafika nusu, nami nilikuwa najiambia basi, nitaondoka bila kujua lile shamba limekuwa la nani. Si jambo la kumliza mtu.

Nashoni hakuwa ameenda karakana. Nilisikia kikohozi chake upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Mama Gati! Jana umeme ulipokatika nilikimbia kwa Shaaban kuangalia mwisho! Ana jenereta!"

"Niko hapa hapa, mbona unapiga kelele?"

"Nakusimulia! Yule shemeji ndiye aliyehamisha mawe ya mpaka! Ameonwa na mchunga mbuzi!"

"Mimi siku hizi hilo igizo silifuati, nakuwa jikoni."

"Sasa lifuate! Nilisema tangu mwanzo yule shemeji mwizi. Mtu anayecheka kabla ya salamu! Shaaban akabisha, nikamwambia subiri uone. Mzee wa kijiji amemwambia arudishe mawe mbele ya watu wote, na mkewe amemkimbia, na lile dume lake la ng'ombe amelipa faini."

Alisimulia lote. Aliwataja wote kwa majina, hata yule muuza mkaa aliyetokea mara moja tu mwanzoni. Alimkasirikia shemeji kama anamdai. Simioni akaacha kunywa chai, akasikiliza, naye hajawahi kuliona. Nikatambua kwamba huyu mtu pale kwenye kochi halindi tena mkanda wangu. Anaangalia.

Kisha akasema, sauti ikiwa chini, lakini bado ya kunifikia:

"Halafu yule mjane anataka kurudi kwao. Shamba amepata, watu wake wanampenda, yeye anafunga mizigo. Sijui nani kamfukuza. Mimi nimeudhika."

Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwamo kwenye igizo. Sikumwuliza Shaaban, na sitamwuliza.

Efrazia alikuwa ameacha kusugua.

Nikamgeuza Gati anitazame. "Gati," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto wa mapajani, "muulize baba yako. Huyo mjane akibaki, watu wa nyumba hiyo wataona mpira lini?"

Ukuta ukakohoa. Kisha:

"Gati, mwambie bibi yako, mpira mwingi ni Jumapili, na Jumapili igizo halipo. Na habari nasikiliza redioni karakana, na zote ni mbaya."

Simioni akacheka, chai ikampalia. Gati akacheka kwa sababu Simioni amecheka.

Mguu ulikuwa unaniuma. Nilikuwa nimechoka na kusikiliza, na kukohoa, na kupisha, na nilijua kesho nitasikiliza na kukohoa na kupisha tena. Nikatazama shuka langu juu ya ndizi.

"Mama mdogo," akasema Simioni, akiweka kikombe chini, "jua linapanda. Twende?"

"Nishushie mzigo, mwanangu," nikasema. "Taratibu, kuna chupa ya mafuta ndani yake. Halafu chukua chai nyingine, umekuja mbali."

Nikamsikia Nashoni akitoa baiskeli yake getini, akielekea kazini. Safari hii hakukohoa.