Tambuu za Vijana wa Kipevu

Bi Mahfoudha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba askari waliomchukua Dishon walitoa gunia zima la bangi chini ya kitanda chake. Anadai lilikuwa gunia la katani, lile la kutilia kahawa, na kwamba ilibidi askari wawili walibebe mpaka garini. Anadai pia kwamba Dishon aliangua kilio, akampigia mama yangu magoti, akakiri kuwa amekuwa akiuza tangu Ramadhani. Yote haya, asema, ameyaona kwa mato yake mawili.

Mimi nilikuwa hapo. Gunia halikuwapo. Na Bi Mahfoudha alikuwa uani kwake akitwanga, mchi wake nikiusikia, mpaka gari lilipokwisha ondoka. Ndipo alipotokea mlangoni, kanga ya kichwani haijakaa sawa, akiuliza kuna nini.

Kilichotoka chumbani mwa Dishon kilienea katika kiganja, na kilitoka ndani ya mto, si chini ya kitanda. Lilikuwa jani la tambuu, limekunjwa pembe tatu na kuchomwa karafuu ili lisifunuke. Askari aliing'oa ile karafuu kwa kucha, akafunua jani, akanusa, akampa mwenziwe naye anuse. Ndani hamkuwa na kokwa za popoo wala chokaa. Mlikuwa na msokoto mkavu wa bangi, mfupi kama kidole cha mtoto.

Dishon hakulia. Alimtazama mama, akasema, “Mama, mimi tambuu nile lini?”

Wakamsukuma garini. Mama aliona ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Mimi niliyachukua, nikakaa nayo.

Dishon ni mtu wa bara, karani wa kuhesabu mizigo huko Kipevu. Alikuwa amepanga chumba kwetu Chaani, kile cha mwisho ukumbini. Mama alimpenda kwa adabu yake: hakuingia uani kuteka maji bila ya kupiga hodi, na akishapiga alisubiri mpaka tujifunike tumwitikie. Nani avuta bangi na nani havuti, hilo mtu hulijua la nafsi yake tu. Siwezi kuapa kwamba Dishon hakuwahi kuvuta. Lakini tambuu hakula. Siku ya Idi alipewa moja barazani, akatafuna mara mbili, akakimbilia mtaroni kutema, na wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Tambuu ile ya Idi alipewa na Salem. Salem ndiye mwenye duka linalotazamana na dirisha letu, mtu wa makamo, kafiwa na mkewe. Mwezi uliopita alituma posa kwetu, na anayemposa ni mimi.

Kwetu msichana haulizwi akajibu kwa maneno. Wazee huja, wakakaa, msichana akaulizwa naye yu nyuma ya pazia, na akinyamaa huwa amekubali. Jawabu yangu ilikuwa itolewe Ijumaa. Na mimi tangu skuli, niliyoiacha darasa la nne, nilisifiwa kwa kunyamaza. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuolewa nusu, bado hajafika mtu.

Mwaka huu ni wa uchaguzi. Kila jioni wanaume walikaa barazani kwa Salem wakiigawana serikali ambayo haijaja. Huyu ataka kodi zifutwe, yule ataka mwambao ubaki na bendera yake. Mimi nilikaa dirishani nikishona kofia. Kofia haina haraka, na asiyekuwa na haraka husikia mengi.

Jioni moja Dishon akaingiza la bangi. Kijana mmoja mpakuzi wa mizigo alikuwa amefungwa kwa kukutwa na msokoto mmoja tu, na Dishon alisema haoni tofauti yake na tembo la mnazi. Nzai wa mtaani kwetu agema tembo, cheti chake cha serikali amekipigilia mlangoni, ushuru alipa, na akilitia maji au akiwauzia watoto kila mtu aujua mlango wa kwenda kugomba. Basi serikali yetu ikija, alisema Dishon, bangi nayo ipewe cheti na saa zake, ilipe ushuru, ushuru ujenge skuli. Wanaovuta wapo tayari, huvuta gizani, na hakuna ajuaye wanauziwa nini.

Mzee Hadi, ammi yake Salem, alimjibu bila ya ukali. Alimwuliza hilo tembo lenye cheti limempunguza mlevi gani. Alisema cheti hakimwondoshi mlevi, ila humtoa kichochoroni akaja kuyumba katikati ya barabara. Watu wakacheka, na mimi dirishani nikacheka. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki. Nimewaona vijana walioanza kuvuta ili kuondoa uchovu wa magunia, wakaishia kukaa ukutani mchana kutwa wakitazama miguu yao. Nimewaona na waliofungwa kwa ajili yake, waliporudi hakuna aliyewapa kazi.

Salem ndiye ambaye hakucheka. Alisema bangi ni haramu, kifungo chake kiongezwe mara mbili, na anayeitaja kwa wema asikae barazani pake.

Dishon alisimama kuondoka, akasema taratibu, “Bwana Salem, anayekiogopa cheti ni nani? Mvutaji hakiogopi. Anayekiogopa ni yule anayeuza sasa hivi bila cheti.”

Salem alikuwa akikata popoo. Mkasi ukasimama kidogo. Kisha ukaendelea.

Haikupita wiki, Salem akaja kwetu mchana na kisahani cha halua, kumwamkia mama. Msichana aliyeposwa hajitokezi, nikabaki ndani. Nilimsikia akiomba maji ya kunywa, maji baridi ya mtungini, na mama akaenda uani kumtekea. Mlango wa chumba cha Dishon una bawaba iliyoshika kutu, hulia kama mtoto wa paka. Ukalia. Baadaye kidogo ukalia tena. Dishon saa hizo yuko kazini. Mama aliporudi na maji, Salem alikuwa palepale mkekani, anakohoa.

Asubuhi yake askari wakaja. Hawakuuliza chumba cha Dishon ni kipi.

Tangu siku ile nikaacha kusikiliza maneno ya baraza, nikawa natazama midomo. Salem ana makopo mawili ya tambuu. Moja liko juu ya meza, wazi, na kwalo huwafungia wazee mbele ya macho yao: jani, chokaa, popoo, tumbaku kidogo. Humalizia kwa karafuu. Wauzaji wengine hukunja ncha ya jani wakaisokomeza ndani, yeye hupenda karafuu, na hujisifia kwayo. Kopo la pili liko chini ya meza, limefunikwa kitambaa cha kijani. Hilo ni la vijana wa Kipevu wanaotoka kazini. Tambuu zao ziko tayari, zimekunjwa hakuna ajuaye saa ngapi.

Wazee hutia mdomoni papo hapo. Mchanga wa mbele ya duka ni mwekundu kwa mate yao, na ukuta wa Bi Mahfoudha vilevile, jambo ambalo yeye hulipigia kelele kila Jumamosi. Vijana wa Kipevu hutia mfuko wa shati, wakaenda zao. Nilitazama njia waendayo: haina tone. Asubuhi hupita dirishani kwangu wakienda kazini, wakitaniana kwa lugha zao za bara, na meno yao ni meupe.

Vijana wale hula tambuu kila jioni, na hakuna hata mmoja mwenye mdomo mwekundu.

Nilimwambia mama alipokuwa anakuna nazi. Nilianza mbali. “Mama, lile jani la Dishon lilichomwa karafuu.”

“Karafuu huuzwa kila duka.”

“Na tambuu Dishon hali.”

“Basi ndiyo maana akatia kitu chengine ndani.”

Nikamweleza bawaba ilivyolia, na lile kopo la chini ya meza. Hakuacha kukuna. Alisema mlango hulizwa na upepo, na kopo la mtu mwenye duka ni mali yake. Akaniuliza kama nitamvunjia mtu heshima kwa mlio wa mlango. Akaniuliza pia, mtu aipigaye vita bangi kila jioni, mbele ya watu, ataiuzaje?

“Nani mwengine ataka isipewe cheti, mama?”

Hapo akaacha kukuna. “Suad. Babako alituachia nyumba, hakutuachia makuti ya kuiezekea. Umeona kwa macho yako akitia?”

“Sikuona.”

“Basi.”

“Na nikinyamaa Ijumaa?”

“Ukinyamaa utapata mume mwenye duka,” alisema, akarudi kwenye mbuzi yake.

Nilimwendea Bi Mahfoudha, nikamwuliza lile gunia aliliona saa ngapi. Alikasirika. Alisema mimi mtoto mdogo nataka kumfanya mwongo. Halafu, kwa kuwa hawezi kukaa na neno, akanitolea: kama simwamini yeye, nikamwulize Salem, kwani Salem mwenyewe ndiye aliyemhadithia alipokwenda kununua sukari, tena kwa kirefu, na ratili akaipimia vizuri sana.

Usiku ule sikumfikiria Dishon, Mungu anisamehe. Dishon yuko rumande, kesi yake bado. Nilifikiria lile kopo. Mimi nikiolewa, kopo litahamia nyumbani kwangu. Siku mtu atakapomchoka Salem kama yeye alivyomchoka Dishon, askari watakuja bila ya kuuliza chumba, na mto watakaoupasua utakuwa wangu. Na Salem barazani atasema alikuwa hajui, mke ndiye aliyemficha. Watu watamwamini. Bi Mahfoudha ataapa aliona gunia.

Ijumaa baada ya alasiri wakaja. Mzee Hadi mbele, fimbo yake mkononi, na Salem nyuma yake katika kanzu iliyopigwa pasi, kofia kichwani. Kofia ile niliishona mimi. Wakakaa mkekani ukumbini. Mama akatoa kahawa. Salem alikuwa amekuja na sinia la tambuu, zimepangwa mviringo, kila moja na karafuu yake, na Mzee Hadi akatwaa moja akaitafuna huku akisifu mkono wa mtoto wa nduguye. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, Bi Mahfoudha kanishika mkono, kama kwamba nitaruka.

Walisema ya kusema. Wakaombea dua waliokufa, wakasifiana, wakamlaani kidogo mpangaji aliyetaka kuitia nyumba ya watu doa. Salem alisema kwa upole kwamba yeye hana kinyongo na mtu, ila nyumba ya wanawake watupu yahitaji mwanamume wa kuiangalia.

Kisha Mzee Hadi akaniita kwa jina, akauliza kama nimeridhika.

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Bi Mahfoudha akanifinya, maana yake nitulie. Kimya kikaingia, kile kinachongojewa na kila mtu, na Mzee Hadi akaanza kucheka kifuani. “Alhamdulillahi,” alisema. “Kunyamaa kwake ndiyo—”

“Shikamoo, Babu Hadi,” nikasema.

Bi Mahfoudha aliuachia mkono wangu kama uliomchoma.

“Marahaba, mwanangu,” akasema mzee, amestaajabu, lakini hakukasirika. “Kumbe una sauti. Haya, sema.”

“N'na ombi moja kabla sijajibu.”

“Omba. Mahari?”

“Sitaki mahari kwanza. Nataka Bwana Salem afike dukani, ni hapo ng'ambo tu. Chini ya meza kuna kopo lina kitambaa cha kijani. Atoe tambuu moja katika zile wanunuazo vijana wa Kipevu. Akupe mkononi, nawe uile hapa hapa, mbele ya mama.”

Mzee Hadi akacheka sasa kwa sauti. “Hilo tu? Binti yenu ana mzaha,” akamwambia mama. “Mimi n'nakula zake kila siku, moja zaidi itanifanya nini?” Akapangusa mdomo wake mwekundu kwa leso, akamgeukia Salem, akanyoosha kiganja. “Haya, baba. Kaniletee.”

Pazia letu ni la kitambaa chepesi. Mtu wa ukumbini hamwoni aliye chumbani, lakini aliye chumbani amwona wa ukumbini vizuri. Niliona mama akigeuza uso kutoka kwa mzee, akamtazama Salem, kisha akatazama ule mlango wa mwisho, wa Dishon.

“Salem,” akasema Mzee Hadi. “Mtoto kaomba.”

Salem alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kilichokwisha kahawa. Alikitazama ndani. Kiganja cha mzee kikabaki pale katikati ya ukumbi, wazi, na cheko lake likaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.